Kengele Inayochelewa

Kijiwe chenyewe ni madawati mawili ya shule yaliyounganishwa kwa misumari na waya. Yamewekwa kando ya barabara ya vumbi, kati ya kibanda cha kinyozi na baraza la fundi cherehani, na mbele yake kuna jiko la mkaa la Mama Kahawa. Ukikaa hapo ukanyoosha shingo, unaliona geti la shule ya msingi, hatua mia mbili hivi, na ndani ya geti unaliona rimu la lori lililoning'inizwa mtini, ambalo ndilo kengele. Madawati hayo shule yenyewe iliyatoa, mwaka ule watoto walipopungua mpaka vyumba vitatu vikabaki vya popo. Kwa hiyo kila asubuhi watu wa kijiwe hukaa kwenye dawati la shule, wakanywa kahawa, wakaisema shule. Asubuhi hii walikuwa na la kusema kuliko siku zote, maana jana jioni getini palibandikwa barua.

— Nimeinakili yote, neno kwa neno, alisema Faili.

Faili alikuwa karani wa ofisi ya serikali mpaka alipostaafu. Kazi ilimwacha lakini jalada hakuliacha. Alilibeba kwapani kila siku, na ndani yake kwa miaka hapakuwa na kitu. Leo palikuwa na karatasi moja, na alivyoishika ungedhani ni hati ya nyumba.

— Soma basi, mzee wangu, usituzungushe, alisema Redio.

Redio ni kinyozi. Waliomwita hivyo hawakukosea, ila redio ya dukani ina kitufe cha kuzimia.

Faili alivaa miwani.

— "Shule itafungwa mwisho wa mwaka. Wanafunzi watahamishiwa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Sababu ya kwanza, wanafunzi wamebaki hamsini na wanane, na kiwango ni mia moja. Sababu ya pili, gharama za walimu na majengo kwa watoto wachache. Sababu ya tatu, shule haizingatii muda. Katika siku nne za ukaguzi, kengele ya asubuhi ilichelewa dakika saba, dakika tisa, dakika sita na dakika kumi na moja. Wazazi wenye maoni wafike shuleni kesho saa tatu." Yaani leo.

— Haya! Redio alipiga paja. Nilisema mimi, sikusema? Kengele! Mimi pacha wangu niliwahamisha kwa ajili ya kengele hiyo hiyo. Shule inayochelewa kuamka itamwamsha nani?

Mama Kahawa alikuwa anamimina. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya Faili, kahawa ikaruka ukingo wa kikombe.

— Samahani, kaka.

— Usijali, dada. Kidogo kidogo hujaza mtaro.

— Kibaba, Redio, alisema Faili. Hujaza kibaba. Tena hiyo methali haiingii hapo.

— Inaingia, sukuma tu.

Mama Kahawa alifuta dawati kwa pembe ya kanga. Hakuwa mtu mzima sana, miaka ishirini na saba, na shule yake iliishia darasa la saba, hapo hapo getini. Nyuma ya jiko alikaa mwanawe, Kibibi, wa darasa la pili, anamalizia uji wake. Mguu wa kulia wa Kibibi ulibaki dhaifu tangu homa ya utotoni. Alitembea, ndiyo, tena alikuwa hataki kubebwa. Lakini mguu mmoja ulienda na mwingine ulifuata baada ya kufikiri. Sketi yake ya kijani ya shule ilikuwa na pindo refu upande mmoja. Fundi aliikata hivyo bila kuombwa, ili akitembea ionekane imelala sawa. Mama Kahawa aliligundua jambo hilo wakati wa kufua, na mpaka leo hakupata neno la kumshukuru lisilomfanya alie, kwa hiyo humjazia Fundi kikombe mpaka juu.

— Bibi wewe, nenda sasa, alimwambia mtoto. Polepole. Utapita pembeni.

Kibibi alichukua begi lake. Mbele ya kibanda cha Redio kuna mtaro wa maji machafu, na watu wazima huuruka. Redio, huku mdomo ukiendelea kuichana shule, alinyoosha mguu akausukuma ubao juu ya mtaro. Mtoto alipovuka, aliuvuta tena kwa mguu ule ule, maana ukiachwa pikipiki huupitia na kuuvunja. Kila asubuhi alifanya hivyo. Ungemuuliza, asingekumbuka.

— Sasa nauliza, alisema Redio, kengele inachelewaje? Rimu halina betri. Halikatikiwi umeme. Ni kuchukua chuma na kugonga!

— Saa ya ofisi ya shule imesimama, alisema Faili. Mimi niliona mwenyewe, zamani, nilipopeleka barua pale. Mshale mfupi ulikuwa umelala.

— Saa ikisimama, kengele ingelia wakati mmoja kila siku. Au isingelia kabisa. Hii leo saba, kesho kumi na moja. Hapana, mzee. Huyu Mwalimu Mkuu anaweka maharage jikoni kwanza. Maharage mapya yanaiva upesi, kengele inawahi. Maharage ya mwaka jana, dakika kumi na moja.

— Redio, mwalimu apike maharage saa moja asubuhi?

— Wewe umewahi kupika maharage?

Faili alipuliza kahawa yake, maana hakuwahi.

Fundi alikuwa barazani kwake, mita mbili tu, ameinamia cherehani. Mtu wa maneno machache. Kwenye meza yake palikuwa na rundo la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, cha ile shule ya kulipia yenye basi la njano, na juu ya rundo kipande kimoja cha kijani, kidogo kama leso.

— Mimi nakwambieni ni kiwanja, Faili aliteremsha sauti. Hapo watu wamekitamani kiwanja. Kwa hiyo kengele inacheleweshwa makusudi, shule ionekane mbovu, wazazi wakimbie, namba ishuke. Namba ikishuka, barua inaandikwa. Mimi nimeandika barua miaka thelathini. Naijua barua iliyoanza na jibu.

— Na rimu je? Redio alisogea. Mnajua rimu lile lilitoka wapi? Lori lililopinduka pale mteremkoni. Dereva wake alikuwa amechelewa na mzigo, ndiyo maana alikimbia. Chuma kina kumbukumbu, wazee. Kile ni chuma cha kuchelewa. Unakigonga saa moja na nusu, sauti inatoka saa moja na dakika thelathini na saba.

Hata Mama Kahawa alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha kikamwisha. Macho yake yalikuwa barabarani. Kibibi alikuwa amefika kwenye nguzo ya kwanza ya umeme. Nguzo ya kwanza, kati ya nne.

Yeye aliijua sababu ya kengele.

Aliijua tangu mwaka jana, siku Kibibi alipoamka na mafua akabaki kitandani. Asubuhi hiyo Mama Kahawa alikuwa hapo hapo kwenye jiko lake, na kengele ikalia saa moja na nusu kamili, bila hata dakika ya nyongeza. Kijiwe kizima kilishangilia. Redio akasema mwalimu leo amelala macho. Siku ya pili mtoto bado mgonjwa, kengele saa moja na nusu kamili. Siku ya tatu mtoto alirudi shule, na kengele ikachelewa dakika tisa. Mama Kahawa aliweka birika chini na kutazama vizuri. Akamwona Mwalimu Mkuu amesimama kando ya rimu, chuma amekificha nyuma ya mgongo, anajifanya anakagua maua. Kibibi alipoingiza mguu wa pili ndani ya geti, chuma kikagonga.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Mwalimu mwenyewe hakusema, wala kwa jicho. Wema wa namna ile ukiutaja unaweza kuuvunja. Basi akanyamaza, na kila siku Redio aliposema "pacha wangu niliwahamisha kwa ajili ya kengele", neno lilimwingia kama mwiba wa samaki. Pacha wawili. Na wengine waliowafuata pacha. Na sasa imo kwenye barua, sababu ya tatu, kwa mhuri. Usiku wa jana hakulala. Alikuwa anajiuliza kama shule nzima imefungwa na mguu wa mwanawe.

— Tuseme wanafunga kweli, alisema Faili. Watu wanadhani kufunga ni bure. Mnaikumbuka ile ya bondeni? Walifunga ili kupunguza gharama. Ikabidi mlinzi. Mlinzi akachoka kulinda ukuta, akaondoka. Kwanza yakaondoka madirisha, halafu milango, mwisho mabati. Ikabidi basi la kupeleka watoto mbali. Basi likaharibika muhula wa kwanza. Mimi ndiye niliyechapa barua zote hizo. Kufunga nako kuna bei yake, ila haiandikwi kwenye barua ya kufunga.

— Sasa dawa? Redio alirusha mikono. Dawa ninayo. Vyumba vitatu vya popo, mimi nahamishia kinyozi kwenye kimoja. Mtoto anatoka hesabu, ananyolewa, anaingia sayansi. Chumba cha pili ukumbi wa harusi.

— Na watoto mia moja?

— Wahesabiwe mara mbili! Asubuhi hamsini na wanane, jioni hamsini na wanane. Mia na kumi na sita. Hata wanabaki.

— Hiyo ni jinai.

— Basi wastaafu warudi darasani. Wewe, Faili, kaptula ya kijani, begi mgongoni. Fundi atakushonea. Elimu ni bahari, na mzee akizama si hasara.

— Redio, nitakumwagia kahawa hii.

— Wangeunganisha darasa la kwanza na la pili, alisema Fundi.

Wote waligeuka. Fundi hakuinua kichwa.

— Mwalimu mmoja, watoto kumi na tano, ubao mmoja katikati. Vyumba vitupu wape kliniki ya wajawazito na watoto, maana sasa wanapimwa chini ya turubai. Jengo likiwa na watu halioti popo. Mwalimu Mkuu aliwahi kuniambia aliliandika hilo, akalipeleka huko juu.

— Wakasemaje?

— Anasubiri.

Faili alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeifahamu droo ambamo barua hiyo imelala.

— Shida yake huyo mama mwalimu, alisema Redio, ni kwamba haambiliki. Wakaguzi wanamwambia kengele, hasikii. Siku ya kwanza dakika saba, siku ya pili tisa, wanaandika anawaona! Mtu mwenye akili angegonga mapema siku hizo nne tu. Yeye wapi. Sasa si ndiyo hayo? Asiyesikia la mkuu huvunjika...

Aliishia hapo. Neno la mwisho la methali lilikuwa limeshafika ulimini, na macho yake yalikuwa yameshafika barabarani, kwenye mtoto mmoja mdogo aliyekuwa anavuta mguu kuelekea nguzo ya tatu.

Pakawa kimya kibaya. Faili alikunja karatasi yake ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Ndipo cherehani ya Fundi ikaanza kuunguruma, kwa nguvu, kanyagio likienda mbio, kelele tele. Mama Kahawa aligeuka akaona chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Fundi alikuwa anashona hewa, ili kimya kisiwe kimya.

Alitaka kumwambia ahsante. Akamjazia kikombe.

— Shikamooni, ilisema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa baba mmoja kijana, mwashi, saruji imekauka kwenye viatu vyake mpaka imekuwa sehemu ya viatu. Amemshika mkono msichana wa miaka minane hivi, nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka, mistari inaenda inakojua yenyewe. Bila shaka ni baba aliyezisuka.

— Marahaba, karibu, alisema Faili. Kahawa?

— Ahsante, mzee, nina haraka. Nimehamia juzi, nyumba ile ya uani kwa muuza mkaa. Namtafutia huyu shule, darasa la pili. Nimeambiwa ipo hapa karibu. Inaingia saa ngapi? Nisije nikamfikisha siku ya kwanza amechelewa.

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi hiyo, na Faili na Redio wakafungua vinywa kwa pamoja.

— Saa moja na nusu, alisema Faili.

— Kwenye karatasi! alisema Redio, akachomoa simu yake. Tazama, saa hizi ni moja na dakika thelathini na nne. Umesikia kengele? Mimi sijasikia. Bwana, nikushauri kama ndugu, mpeleke kwenye basi la njano. Lile ni dakika. Juzi pacha wangu mmoja alikuwa anafunga kiatu, basi likaondoka. Likamwacha analiona! Ikanibidi nimtafutie pikipiki. Hiyo ndiyo nidhamu.

Mwashi alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Redio.

— Lilimwacha?

— Analiona!

— Sasa hii ya hapa, kengele yake ni saa ngapi?

Faili alivua miwani. Wamekaa hapo miaka, kengele inawalilia kila asubuhi, na saa yake hawaijui.

Mama Kahawa aliweka birika juu ya jiko. Alifikiri, nikisema nimemchongea mwalimu. Halafu akafikiri, hajabaki wa kumchongea, wameshamwandika.

— Kaka, alimwambia mwashi, tazama pale getini.

Mwashi alitazama. Wote walitazama. Kibibi alikuwa ameipita nguzo ya nne. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa watoto, wachache lakini wamejaa, wanakimbizana kama watu ambao hawana barua getini. Kando ya rimu alisimama mwanamke mnene wa makamo, mikono nyuma, anainamia kichaka cha maua ambacho hakikuwa na ua hata moja.

— Anafanya nini yule? aliuliza Redio.

— Subiri.

Kibibi aliingiza mguu mmoja ndani ya geti. Akapumzika. Akauvuta wa pili.

Rimu likalia. Ngaa, ngaa, ngaa.

— Saa yake ndiyo hiyo, alisema Mama Kahawa. Mtoto wa mwisho akishaingia. Mwaka wa pili sasa. Siku mwanangu akiwa mgonjwa inalia saa moja na nusu kamili. Nyinyi wenyewe huwa mnashangilia. Hata wakaguzi walipokuja, alimsubiri. Aliona wanaandika, akamsubiri.

Redio alifungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuona mdomo ule wazi na hautoi kitu.

— Na hukutuambia, dada, alisema mwishowe, polepole.

— Ningesemaje, kaka? Ulikuwa unasema ndiyo sababu ya pacha.

Redio aliinama akaanza kung'oa kibanzi cha dawati kwa ukucha.

— Saa tatu nitakwenda kuwaambia, alisema Mama Kahawa.

— Binti yangu, alisema Faili kwa upole, ukisema hivyo utakuwa umekiri. Wataandika: kosa limethibitishwa na mzazi. Mimi najua wanavyoandika.

— Waandike. Lakini waandike yote. Ng'ambo ya barabara kuu malori hayamsubiri mtu, na kengele ya huko ikishalia geti linafungwa. Mwanangu atasoma nje ya uzio.

— Haitaiokoa shule, mwanangu.

— Najua, mzee.

Aliyasema hayo kwa uchovu tu, bila hasira, kama mtu anayekinga ndoo ya mwisho akijua maji yamekatika.

Mwashi alikuwa bado amesimama. Alikohoa kidogo.

— Mnisamehe, mimi mgeni, labda kuna jambo sijalielewa. Shule iko hapa hapa, mtoto habebwi na gari. Na mwalimu anamsubiri mtoto mpaka anaandikiwa makosa. Sasa kwa nini haina watoto?

Faili alimtazama Redio. Redio alimtazama Fundi. Fundi alilitazama rundo la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, na kipande cha kijani kilichokuwa juu yake. Mbali kidogo, kwenye kona, basi la njano lilipiga honi mara moja, likaondoka.

— Tuongezee kahawa, Faili alinyoosha kikombe, maana alihitaji kitu cha kufanya na mkono.

Mama Kahawa aliinamisha birika. Likatoa tone moja, kisha machicha.

— Imekwisha, mzee.

Mwashi aliaga, akamwinua mwanawe juu ya mtaro.

— Ngoja, alisema Redio.

Akanyoosha mguu, akausukuma ubao. Mwashi akamshusha mtoto, mtoto akavuka mwenyewe, na baba akafuata. Wakaenda zao kuelekea getini. Kutoka pale madawatini watu wa kijiwe waliweza kumwona Mwalimu Mkuu ambaye alikuwa ameanza kuingia ndani, akageuka, akawaona wawili wale wanakuja, akasimama.

— Hamsini na tisa, alisema Faili.

Hakuna aliyecheka. Fundi alichukua kile kipande cha kijani, akakipima kwa jicho, akakiweka chini ya sindano. Mama Kahawa alimwaga machicha, akafunika makaa kwa jivu, akakaa kwenye ukingo wa dawati kungoja saa tatu. Redio hakuuvuta ubao.